Daktari atumiwe skani yenyewe, sio picha ya simu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi niongee juu ya hizi mashine za skani za kupiga picha ndani ya mwili huku kwetu magharibi mwa Kenya, maana mashine tumeletewa lakini daktari wa kusoma picha zake usiku hatuna.

Mwaka jana mjomba wangu alianguka na boda hapa karibu na Luanda akagonga kichwa, tukamkimbiza hospitali usiku na kusema ukweli skani ilifanywa haraka. Sasa daktari wa kusoma picha ako Nairobi. Kijana wa eksirei akabandika filamu kwa ile boksi ya taa ukutani, akaipiga picha na simu yake, akatuma WhatsApp. Akajibiwa taa inang'aa sana, piga tena. Akapiga tena. Tulikaa kwa benchi mjomba anatapika kwa karai, tunaulizana tumpeleke Kisumu ama tungoje, mpaka asubuhi ndio meseji ikaingia: "naona iko sawa." Kisumu waliposoma upya wakapata damu imevuja ndani ya kichwa.

Huyo kijana simlaumu, hata bando ilikuwa yake. Lakini watu waelewe, skani ya kichwa ni picha nyingi za kipande kwa kipande na faili yake ya asili, ile wanaita DICOM, inaweza kubeba viwango 4,096 vya weusi na weupe, daktari akiifungua kwa kompyuta anairekebisha aone mfupa, halafu ubongo, halafu atafute damu. Ukishaipiga na simu vinabaki 256 na hawezi kurekebisha kitu, damu kidogo kando ya fuvu inampita hivi hivi. Na jina la mgonjwa liko hapo juu ya filamu linazunguka kwa simu za watu, na tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019!

Kusomewa picha kutoka mbali nataka sana. Daktari mmoja akikaa Kisumu anaweza kusomea Busia, Siaya na Vihiga usiku huo huo bila mgonjwa kupanda ambulensi bure. Hospitali zetu ziko chini ya kaunti tangu 2013, kwa hivyo nauliza magavana: intaneti ya kutuma hizo faili mmeiwekea pesa? Stima ikipotea je? Ripoti itakuja na jina na sahihi ya daktari mwenye leseni? Na leo usiku saa nane, nani yuko zamu ya kusoma?

Msomaji wako,
Luanda, Vihiga