Barua kwa mwanangu aliyeko Berea

Tanga

Mwanangu Rehema,

Marahaba sana, shikamoo yako imefika. Huku sote hatujambo. Baba yako magoti bado yanamsumbua, ila shambani anakwenda mwenyewe na hataki kushikwa mkono.

Umeniandikia kwamba muhula huu umepangiwa kazi ya kutembeza wageni chuoni, na kwamba ile orodha ya marais kumi wa Berea unaikariri tu, haikuingii. Mimi habari za chuo chenu nimekuwa nikizisoma tangu ulipopata nafasi. Nilitaka kujua ni watu wa namna gani hao wanaosomesha mtoto wa mwenzao bila kumdai ada, huko milimani Kentucky, Marekani, chuo chenyewe kina wanafunzi wapatao 1,500 tu. Basi nikupe ninayoyajua, pamoja na maoni yangu ya mtu aliyewahi kukalia kiti cha ukuu wa shule.

Kwanza, aliyeanzisha chuo hayumo kwenye orodha yako. Mchungaji John Gregg Fee hakuwa rais hata siku moja. Alizaliwa Kentucky mwaka 1816 katika nyumba ya mwenye watumwa, akasomea dini Cincinnati, akarudi akihubiri kwamba utumwa ni dhambi. Baba yake akamkatia urithi. Cassius Clay, mwanasiasa tajiri aliyechukia utumwa, akampa ardhi, na mwaka 1855 ikafunguliwa shule ya chumba kimoja. Katiba ya chuo ya 1859 iliandika waziwazi kwamba hapo utumwa na ubaguzi wa matabaka vinapingwa. Desemba ya mwaka huohuo, wiki chache tu baada ya John Brown, aliyeshika silaha kupinga utumwa, kunyongwa Virginia, kundi la watu wenye silaha likawafuata wenzake Fee na kuwapa siku 10 wawe wamehama jimbo. Wakafungasha, wake kwa watoto, wakakimbilia Ohio katikati ya baridi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha walirudi. Mwaka wa masomo wa 1866 hadi 1867 walikuwa na wanafunzi 187, weusi 96 na weupe 91. Baadhi ya weupe walitoka walipoona watoto weusi wanaingia, lakini masharti hayakubadilishwa kwa ajili yao. Hizo namba zishike vizuri kuliko majina ya majengo. Mgeni akizisikia ataelewa kwa nini mambo yaliyofuata yaliuma.

Rais wa kwanza, Edward Henry Fairchild, alitoka Oberlin, chuo cha Ohio, ambako mdogo wake James ndiye aliyekuwa akiongoza. Alikaa kuanzia 1869 hadi alipofariki 1889. Fee alibaki kwenye bodi ya wadhamini na kanisani. Wakati wa Fairchild, mwaka 1872, bodi iliruhusu vijana weusi na weupe kuchumbiana. Kentucky, miaka saba baada ya vita! Hapo uwaache wageni wako wanyamaze kidogo kabla hujaendelea. Aliyefuata, Stewart, alikaa miaka miwili. Mpite.

Sasa Frost. Huyu ndiye wa kukaa naye. William Goodell Frost, naye wa Oberlin, mwalimu wa Kigiriki, aliongoza kuanzia 1892 hadi 1920. Alikuta chuo hakina fedha, akaenda kuzitafuta kwa matajiri wa kaskazini. Huko akagundua kwamba habari ya mtoto mweusi haifungui tena mifuko kama zamani, ila habari ya Mzungu maskini wa milimani inafungua. Mwaka 1899 akaandika katika jarida la Atlantic Monthly akiwaeleza watu wa milima ya Appalachia kama ndugu waliosahauliwa, wanaoishi bado katika karne ya mababu. Fedha zikaja, na wanafunzi wa kutoka milimani wakaja kwa mamia.

Mimi barua za kuomba wafadhili nimeziandika, najua zinavyomvuta mtu. Leo unaandika lile wanalopenda kusikia ili upate madawati, na baada ya miaka michache unajikuta shule imegeuka kuwa ile uliyoiandika kwenye barua. Frost alipoingia, weusi walikuwa nusu ya wanafunzi au zaidi. Kufikia 1904 hawakufika mmoja kati ya watano. Ruhusa ile ya 1872 ikafutwa. James Hathaway, mhitimu mweusi aliyekuwa akifundisha hapohapo, alinyimwa uprofesa akaondoka, na baadaye akaongoza chuo cha watu weusi cha Frankfort. Wahitimu weusi walilalamika. Fee naye alilalamika, mzee sasa, lakini sauti ya mwanzilishi asiyeshika bajeti haiendi mbali. Akafariki Januari 1901.

Mwaka 1904 mbunge Carl Day wa kaunti ya Breathitt akapitisha sheria ya kukataza weusi na weupe kusoma pamoja Kentucky. Chuo kilichochanganya wanafunzi kwa wakati huo kilikuwa Berea peke yake, kwa hiyo sheria ilijulikana imemlenga nani. Faini ya chuo ilikuwa dola 1,000. Frost alipigana nayo mahakamani, tumpe haki yake, na aliwalipia wanafunzi weusi waende vyuo vingine. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ikaunga mkono sheria hiyo. Jaji John Marshall Harlan, naye mtu wa Kentucky, akaandika maoni ya kuipinga. Chuo kikachangisha fedha za kujenga Lincoln Institute kwa ajili ya weusi, karibu na Louisville, ikafunguliwa 1912.

Watembeza wageni wengi, nadhani, husema sheria ndiyo iliyowatoa weusi Berea. Wewe usiseme hivyo. Sheria ilifunga mlango ambao ofisi ya rais ilikuwa imeshausogeza miaka 12. Ukitaka mfano wa kilichopotea, mtaje Carter G. Woodson, baba wa historia ya watu weusi Marekani. Alihitimu Berea 1903, mwaka mmoja kabla ya sheria.

Kuna jengo moja ambalo hukulitaja, kanisa la Phelps Stokes, lililojengwa 1906 kwa mikono ya wanafunzi na fedha za Olivia Phelps Stokes. Dada yake Caroline ndiye aliyeacha wosia ulioanzisha mfuko wa Phelps-Stokes mwaka 1911. Mfuko huohuo ulileta tume Afrika Mashariki mwaka 1924, naye James Aggrey, msomi wa Gold Coast (Ghana ya leo), akiwemo. Tume ilipita Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikishauri Mwafrika afundishwe kazi za mikono na kilimo. Shule ya Jeanes ya Kabete, Kenya, iliyofundisha walimu wa vijijini, ilitokana na ushauri huo. Babu yako angekuwa hai angekusimulia alivyolima bustani ya mwalimu kwa jina la elimu. Tofauti na kazi yako ya saa 10 kwa wiki ni kwamba wewe unalipwa, na hukatazwi kusoma fizikia.

Baada ya Frost alikuja William Hutchins, 1920 hadi 1939, kisha mwanawe Francis, 1939 hadi 1967. Baba kumwachia mwana kiti, huku kwetu tungenong'ona mtaa mzima. Lakini Francis alikuwa amefanya kazi China miaka mingi, hakuokotwa sebuleni. Mwingine wa nyumba hiyo, Robert, aliongoza Chuo Kikuu cha Chicago. Jambo kubwa la wakati wa baba yao halina hata sanamu: mwaka 1920 bodi iliamua kwamba fedha za wosia zisizo na masharti zisitumike, ziwekwe kwenye mtaji wa kudumu. Mtaji huo leo umepita dola bilioni 1, na ndio unaokulipia ada. Wadhamini wale walikuwa na paa zinazovuja kama wadhamini wote duniani, na bado waliziacha fedha zilale. Mimi nisingeweza.

Chini ya Francis, mwaka 1950, sheria ya Day ilipolegezwa, Berea ikafungua tena mlango kwa wanafunzi weusi. Hesabu mwenyewe, 1904 hadi 1950. Mtoto aliyekosa nafasi kwa sheria ile alikuwa tayari na wajukuu.

Weatherford mchumi, Stephenson mtaalamu wa jamii za Appalachia, Shinn wa dini na Roelofs wa fizikia wataje kwa haraka, wageni watakuwa wamechoka kusimama. Ila mwishoni lazima mtu aulize kuhusu Cheryl Nixon, aliyeingia 2023, mwanamke wa kwanza. Miaka 154 tangu Fairchild! Wakishangaa, wapeleke Boone Tavern. Ile hoteli ya 1909 ilitokana na Nellie Frost, mke wa rais, aliyechoka nyumba yake kujaa wageni wa mumewe wanaotaka chakula na kitanda. Wafadhili waliolainishwa na hotuba za Frost walikuwa wameshiba mezani pa Nellie kwanza.

Niandikie wanauliza nini hasa, na kama wapo wanaokasirika ukifika kwa Frost. Sweta la bluu nimempa mtoto wa shangazi yako anayesafiri mwezi ujao, atalituma kwa posta akifika. Shangazi mwenyewe anakusalimu na anataka picha yako ukiwa na sare ya kazi.

Mama yako