Mama Salim, hizo karatasi za shemeji zitoe kabatini

Mpendwa Mama Salim,

Salamu kutoka Leicester. Nimefurahi kusikia shemeji ameanza kula vizuri, hata siku za kusafishwa damu.

Juzi kwenye simu ulisema zile karatasi alizopewa, hati ya kumteua mtu wa kumsemea kuhusu matibabu, umezificha kabatini kwa sababu ni uchuro. Shoga yangu, zitoe. Kazini kwangu nawaona wake walioishi na waume zao maisha yao yote, halafu siku ya siku wanaambiwa maoni yao yatasikilizwa, basi. Huku Uingereza cheti cha ndoa hakikupi kauli ya mwisho. Mgonjwa akishindwa kuamua mwenyewe, madaktari ndio wanaoamua kwa kuangalia maslahi yake. Nyinyi wa nyumbani mnaulizwa tu. Lakini sheria hiyohiyo, ya 2005 kuhusu wasioweza kujiamulia (Mental Capacity Act), inamruhusu mtu, akiwa na akili timamu, amteue wa kumsemea kuhusu matibabu. Akishapoteza fahamu, hawezi tena.

Isomeni kwa utulivu ile sehemu ya matibabu ya kurefusha uhai, kama mashine ya kupumulia. Hapo anasaini moja kati ya mbili: kukupa wewe mamlaka ya kukubali au kukataa kwa niaba yake, au kutokukupa. Kabla hajashika kalamu, muulize anaogopa nini zaidi. Muulize pia, huko kusafishwa damu kukimchosha kabisa, angetaka kuendelee mpaka lini. Najua ni maneno mazito. Ni afadhali uyasikie kinywani mwake kuliko kuyakisia ukiwa kwenye korido ya hospitali saa nane za usiku.

Kuhusu dini, muulizeni sheikh mnayemwamini. Ila hati hii haimlazimishi mtu kukataa chochote. Anaweza kukuagiza umpiganie mpaka pumzi ya mwisho. Na habari ya kuzikwa Tanga isikae humo, maana mtu akifariki hati nayo imekwisha. Hilo liandikwe kwenye wasia, na Salim aambiwe.

Saini zina mpangilio: yeye kwanza, mbele ya shahidi ambaye si wewe; kisha mtu wa kuthibitisha kwamba hakushurutishwa; wewe baadaye. Mkiuvuruga, hati inaweza kukataliwa, na bila kusajiliwa haitumiki.

Huyo wa kuthibitisha anaweza kuwa rafiki aliyemfahamu vizuri miaka 2 au zaidi, asiwe wa familia. Mkiridhia, niko tayari. Jumamosi sina zamu.

Wako,
Mama Neema