Wagonjwa wa kuhara wafuatiliwe hata baada ya kutoka hospitalini

Mhariri,

Kila mvua za masika zinapofurika mitaani mwetu hapa Mombasa, na maji ya vyoo yakajipenyeza visimani, magazeti huandika habari za kuhara na kipindupindu: mitaa iliyoathirika, idadi ya waliolazwa, maagizo ya kuchemsha maji. Habari hizo hukoma siku mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Naomba nafasi nieleze kwa nini zisikomee hapo, kwa kuwa utafiti wa kisayansi kuhusu vyanzo vya maumivu ya tumbo umekwisha kuonyesha kwamba kwa watu si haba vijidudu huondoka na maumivu yakabaki, kwa miezi na hata miaka, tumboni mwa mtu ambaye vipimo vyote vyasema ni mzima.

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka mbali na kwetu, ingawa mikasa yenyewe twaifahamu vyema. Mwezi Mei mwaka 2000, mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kilichokuwa kikitoa maji kwa mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 wakafariki. Watafiti hawakuondoka dharura ilipokwisha, bali waliwafuatilia wakazi kwa miaka 8. Miaka miwili hadi mitatu baada ya mkasa, karibu asilimia 28 ya waliokuwa wameugua walikuwa na ugonjwa ambao madaktari huutaja kwa herufi IBS, yaani maumivu ya tumbo yanayorudi mara kwa mara pamoja na mabadiliko ya choo, bila kidonda wala uvimbe unaoonekana. Hata katika mwaka wa nane walikuwa bado asilimia 15, takriban mara tatu ya wenzao ambao hawakuugua. Mwaka 2004, katika mji wa Bergen nchini Norwe, vimelea vya jiadia (Giardia), ambavyo husababisha kuhara, viliingia kwenye maji ya mfereji. Miaka mitatu baadaye, asilimia 46 ya walioambukizwa walikuwa na ugonjwa huo, ilhali kwa wasioambukizwa ilikuwa asilimia 14, na baada ya miaka kumi tofauti ilikuwa karibu ile ile.

Hao ni watu wa nchi tajiri, ambao hufungua mfereji wakapata maji safi karibu kila siku ya maisha yao. Je, mtoto wa Kisauni au Likoni anayehara mara kadhaa kabla hajaanza shule, hubeba nini tumboni mwake anapofika umri wa miaka ishirini? Swali hili lanikera, na kama mwalimu wa bayolojia nalisikia kwa namna nyingine kila muhula, pale mwanafunzi anapoomba ruhusa ya kutoka darasani huku ameshika tumbo.

Kwa muda mrefu, mgonjwa wa aina hii aliambiwa ana wasiwasi tu. Wasiwasi una sehemu yake, maana ubongo na utumbo hupashana habari kwa njia ya neva, kila upande ukimwathiri mwenzake, na ukuta wa utumbo wenyewe una mamilioni ya neva zake. Lakini mwaka 2021 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, likiongozwa na Profesa Guy Boeckxstaens, lilichapisha katika jarida la Nature matokeo ambayo kwa maoni yangu yanapaswa kujulikana na kila mhudumu wa zahanati. Walichukua panya, wakawaambukiza bakteria wa tumbo, na katika kipindi hicho hicho wakawalisha protini inayopatikana katika ute wa yai. Panya walipona kabisa. Walipolishwa protini ile tena baadaye, utumbo wao ulionyesha dalili za maumivu. Panya waliokula chakula hicho hicho pasipo kuambukizwa hapo awali hawakuumia.

Kilichotokea ni kwamba kinga ya mwili, ikiwa vitani na bakteria, ilikihesabu chakula kuwa adui pia, ikatengeneza kingamwili, yaani protini za kumtambua adui, dhidi yake. Kingamwili hizo zilikuwa kwenye ukuta wa utumbo tu, wala hazikuenea mwilini, kwa hivyo vipimo vya kawaida vya mzio, vya damu au vya ngozi, haviwezi kuzinasa. Chakula kikifika, seli za kinga ziitwazo seli za masti humwaga kemikali iitwayo histamini, nayo huzifanya neva za karibu kuwa nyepesi mno kuhisi, hata utumbo unapotanuka kwa gesi au kwa chakula kama kawaida, mtu huhisi maumivu. Kipokezi kinachohusika kwenye neva hizo, yaani protini inayopokea ishara, huitwa TRPV1, na ndicho hicho kinachotufanya tuusikie ukali wa pilipili. David Julius wa Marekani alikitambua mwaka 1997 kwa kutumia kapsaisini, kemikali ya pilipili yenyewe, na mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Watafiti wa Leuven waliendelea hadi kwa binadamu: waliwadunga wagonjwa 12 wa IBS, kwenye ukuta wa utumbo, viwango vidogo vya ngano, gluteni (protini ya ngano), soya na maziwa. Wote 12 walionyesha mwitikio kwa angalau kimoja, na kati ya watu wazima wa afya 8 walioonyesha ni 2. Idadi hiyo ni ndogo na haitoshi kuamua kila jambo, lakini baada ya kuisoma mtu hawezi tena kumwambia mgonjwa kwamba maumivu yake ni ya kubuni.

Nina jirani, mama wa makamo, auzaye mbaazi na mahamri kila alfajiri. Miaka kadhaa iliyopita alishikwa na tumbo la kuendesha kwa muda wa wiki nzima, na tangu hapo hawezi kula bakuli la mbaazi zake mwenyewe pasipo tumbo kumsokota hadi adhuhuri. Siku moja alinionyesha mfuko wa plastiki aliowekea karatasi zake za maabara na vibahasha vya vidonge: homa ya matumbo, amiba, homa ya matumbo tena, vidonda vya tumbo, minyoo. Karatasi ya mwisho ilisema hakuna tatizo. "Mwanangu," aliniambia, "lanisokota, nao wasema sina kitu. Basi mimi mwongo?"

Mbaazi, kunde, maharagwe, vitunguu na ngano vina aina za sukari ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuzisaga au kuzifyonza vizuri. Hufika utumbo mpana, bakteria wakazichachusha, na gesi ikajaa. Kwa mtu wa kawaida gesi hiyo ni usumbufu wa muda tu. Kwa mtu ambaye neva zake zimekwisha kunolewa na maambukizi ya zamani, ni mateso. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, wameonyesha kwamba kupunguza vyakula hivyo kwa wiki chache, kisha kuvirejesha kimoja kimoja ili kujua kinachodhuru, huwapa wagonjwa wengi nafuu. Ushauri huo hauhitaji mashine, ila mhudumu mwenye nafasi ya kumsikiliza mgonjwa na anayejua chakula cha Pwani.

Karatasi zile za homa ya matumbo zanihuzunisha zaidi. Kipimo cha Widal, ambacho bado chatumika katika maabara nyingi za mitaani, kilibuniwa mwaka 1896. Hakitafuti bakteria, hutafuta kingamwili, nazo huweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya maambukizi ya zamani au chanjo; kwa hivyo jibu moja la "chanya" halithibitishi kwamba mtu anaugua leo. Uthibitisho wa kuaminika zaidi hupatikana kwa kuotesha bakteria kutoka kwenye damu. Matokeo ya kutegemea Widal ni kwamba mgonjwa hupewa antibiotiki mara kwa mara kwa ugonjwa asiokuwa nao, na dawa hizo huwavuruga bakteria wema wa utumbo, ambao nao watafiti wanawachunguza kwa sababu ya nafasi yao katika maumivu haya haya.

Sisemi kwamba kila tumbo linalouma lina IBS. Mwenye kutoa damu chooni, kupungua uzito bila sababu, kupungukiwa na damu, kuamshwa usiku na maumivu, au ambaye maumivu yamemwanza akiwa na zaidi ya miaka 50, anahitaji uchunguzi kamili wa hospitali upesi, maana huenda ikawa saratani au jambo jingine zito. Wala dawa ya uhakika bado haijapatikana. Ebastini, dawa ya mzio inayozuia histamini, ilipojaribiwa kwa wagonjwa 202, asilimia 12 walipata nafuu iliyokusudiwa, ikilinganishwa na asilimia 4 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ni tofauti ya kweli, lakini ni ya wachache, na wanaoanza kuuza tiba za miujiza mitandaoni kwa kutaja histamini wanawadanganya watu.

Ninachoomba ni jambo linalowezekana. Idara ya afya ya kaunti hujua majina ya wagonjwa waliolazwa kwa kuhara. Wapigiwe simu baada ya miezi sita na tena baada ya mwaka, kwa idhini yao, waulizwe maswali machache kuhusu tumbo, choo na vyakula vinavyowadhuru. Hapo Kilifi, mwendo wa saa moja na ushei kutoka hapa, pana kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza, ambacho tangu mwaka 1989 kimefanya kazi inayoheshimika duniani kuhusu malaria na magonjwa ya watoto. Wataalamu wa kuufuatilia umma kwa miaka mingi tunao karibu, na mradi kama huu unaweza kuanza na mtaa mmoja. Nawe Mhariri, maji machafu yatakapotuletea maradhi tena, mtume mwandishi wako kwa familia zile zile nusu mwaka baadaye, awaulize wanaendeleaje.

Mwalimu wa bayolojia,
Kisauni, Mombasa.