Shukrani kwa dada wa kwenye foleni ya chanjo

Dada yangu uliyekaa nasi kwenye foleni ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo, pale Dar es Salaam, baba akijiandaa kwenda Hija, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Wewe ndiye uliyeona jina la baba kwenye kitabu cha njano cha chanjo halifanani na la pasipoti, tukarudi dirishani likasahihishwa palepale. Kisha, uliposikia mzee anahofia kupotewa na hesabu ya tawafu, ukampa kokwa 7 za tende: kila akimaliza kuizunguka Kaaba, ahamishe moja kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Amezifunga kwenye leso, hataki hata wajukuu waziguse. Jina lako hatukuuliza, nasi linatuuma. Baba anasema atakuombea akifika uwanja wa Arafa, inshallah.