Zahabu gramu 48

Muhariri jambo,

Niko Bukavu, Kadutu. Jana umeme ilikatika tukakaa inje na kijana wangu, nyota zimejaa kabisa, akaniuliza, papa, kule kuko batu? Nikamwambia kuko darubini, James Webb, ilirushwa 25 Desemba 2021, kioo yake mita 6.5 imepakwa zahabu gramu 48 hivi tu, zahabu yenye hapa kwetu wanapima ku mizani kadogo, na inatafuta kama sayari za mbali ziko na hewa, sawa zile 7 zenye kuzunguka nyota moja ya mbali, TRAPPIST-1, mwangaza wa ile nyota unatembea miaka 40 hivi mbele ya kufika huku. Akanyamaza, akaangalia juu tena.

Tafazali mutupatie ukurasa moja ya sayansi kila wiki, juu watoto banauliza na sisi wazazi tunaishiwa majibu.

Msomaji, Kadutu