Ongea na Seif kuhusu zile asprini

Shosti Rehema,

Za masiku mwenzangu. Najua unanidai simu mbili na ile voisi ya dakika saba ambayo mpaka leo sijaisikiliza, nisamehe, nitaisikiliza nikipiga pasi. Huku wazima, watoto likizo wananimalizia sukari. Salamu zingine baadaye, ngoja nikuambie ya Mama Mkubwa.

Unajua alipasuliwa mwezi wa tatu, utumbo mpana, wakakata kipande akaanza kemo. Sasa Jumanne nimeenda kumfulia, nakunja khanga naona pindo lina fundo, nikajua hela yake ya sadaka. Kufungua, vidonge vyeupe. Asprini, zile za 300. Namuuliza, ananijibu na kiburi chake kilekile, "Kanipa mwanangu Seif, zinaua kansa, tatu kwa siku, na wewe usiniletee ualimu." Tatu! Na tumbo lenyewe lile la vidonda, na juu yake anameza diklofenaki za goti kimyakimya! Wiki nzima analalamika kizunguzungu sisi tunasema kemo hiyo. Nikamuuliza choo kikoje, akanuna, akageukia ukutani, baadaye sana ndo akasema cheusi, kama lami. Nguo nikaziacha kwenye beseni na povu lake, tukamkimbiza, akaongezewa damu chupa mbili. Sasa yuko nyumbani anakunywa uji na kugombana na kila mtu, kwa hiyo ujue anaendelea vizuri.

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana Seif, nimeshaandika na meseji. Halafu nikasema ngoja nisome kwanza nimtukane kwa hoja. Shosti, nusu ya anachosema ni kweli, ndo kinachoniuma.

Mimi nafundisha vimeng'enya, hivi vinavyoharakisha kazi za kikemia mwilini, miaka kumi na moja, nawapa watoto mkate watafune mpaka uwe mtamu, hiyo ndo amilesi, fungeni madaftari. Kumbe kuna hiki kinaitwa COX-2 (wewe mfamasia utanicheka, unakijua zamani). Ukijikata, seli zinakiamsha, kinatengeneza prostaglandini, pakavimba pakauma pakawa pa moto, kidonda kikipona nacho kinalala. Kwenye kansa nyingi za utumbo mpana hakilali. Kinamwaga prostaglandini E2 usiku na mchana, na hiyo inaziambia seli zaeni, msife, tengenezeni mishipa mipya ya damu mle, na inawapumbaza askari wa mwili wanaotakiwa kuja kuzila. Kuna Dvorak mmoja wa Marekani mwaka 1986 aliandika kwamba kansa ni kidonda kisichopona. Na kabla yake Mjerumani Virchow, mwaka 1863, alishaona chembe nyeupe zimejazana ndani ya kansa akahisi hivi vitu vina undugu. Nikacheka peke yangu, maana sisi Waswahili ukiumwa na nyuki ni uvimbe na kansa nayo tunaiita uvimbe, ule wa nyuki vitabuni wanauita mchochota ili kutofautisha lakini nani anasema mchochota mtaani.

Sasa asprini inaingia pale kwenye tundu la COX inaziba moja kwa moja, kimeng'enya hicho kimekwisha mpaka seli itengeneze kingine. Mpaka hapo Seif yuko sawa. Tatizo asprini haichagui. Kuna ndugu yake COX-1 ndo analinda ukuta wa tumbo, naye anazibwa, tena yeye ndo anazibwa zaidi. Na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hazina kiini, haziwezi kutengeneza kingine, zikizibwa ndo basi mpaka zife, siku kama kumi hivi. Mgonjwa wa kemo chembe sahani zenyewe za kuhesabu! Sasa weka asprini tatu, weka diklofenaki ambayo inapiga palepale, weka kidonda cha tumbo, kwa nini choo kisiwe lami?

Wazungu walishajaribu dawa zinazozuia COX-2 peke yake ili tumbo lipone. Ile Vioxx, walikuwa wanaipima kama inazuia vinyama vya utumbo visirudi, wakakuta watu wanapata mshtuko wa moyo na kiharusi, 2004 ikatolewa sokoni dunia nzima. Yaani ukiziba huku kunavuja kule.

Nimempata na Seif alipotoa habari yake, ni utafiti wa Uswidi na majirani zake, umetoka 2025. Waliopasuliwa kansa ya utumbo wakapewa asprini miaka mitatu, kansa ikarudi kwa watu kama 8 katika 100, wasiopewa 14. Kubwa hiyo, sikatai. Ila ni miligramu 160 kwa siku, sio 900, na waliingizwa wale tu ambao kansa yao ilipimwa ikakutwa na mabadiliko kwenye jeni za PIK3. Ya Mama Mkubwa nani kaipima? Na ana miaka 74. Kule Australia na Marekani wazee wazima zaidi ya 19,000 walipewa asprini ya miligramu 100 kila siku au kidonge bandia kisicho na dawa, na waliokufa kwa kansa walikuwa wengi zaidi upande wa asprini. Hiyo Seif hajaifowadi.

Kwa hiyo naomba umpigie wewe. Mimi ataniona namletea umwalimu, wewe anakusikiliza, sababu tunaijua wote tuache utani. Usimfokee lakini. Tangu siku ile ya damu haingii ndani, anakaa barazani na kofia usoni, mama yake akimwita anasema "nakuja". Zile dawa alikuwa anamletea yeye mwenyewe kila Ijumaa na machungwa.

Na hebu nijibu haya. Hicho kipimo cha PIK3 kinafanyika hapa nchini au ndo mpaka sampuli isafirishwe? Kile kipande walichokata maabara wanakitunza muda gani? Ikikutwa anayo, na kidonda kikapona, daktari wake anaweza kufikiria asprini ndogo na dawa ya kulinda tumbo au kwa damu ile tusahau kabisa? Goti sasa tumpe nini, panadol inatosha? Na manjano anayochemsha kila asubuhi je, maana nayo nasikia inagusa hukohuko. Unakuja lini? Halafu Zuhura kakurudishia sufuria yangu au ndo nimeshadhulumiwa?

Mwanaidi