Barua kwa Kaka Kuhusu Masomo ya Binti Yetu

Utrecht, Uholanzi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo hapo Nyegezi. Mimi ni mzima.

Umeniandikia kwamba unataka binti yako aondolewe kwenye vipindi vya afya ya uzazi, kwa kuwa unayaona mambo hayo kuwa ya Kizungu na ya kuharibu watoto. Mimi ni shangazi yake, na jambo hili siwezi kulinyamazia.

Hapa Uholanzi, tangu 2012 shule za msingi zinatakiwa kisheria kufundisha masuala ya jinsia na mahusiano, na nyingine huanza na watoto wa miaka 4. Usishtuke, kaka. Watoto wa umri huo hawasimuliwi habari za kujamiiana. Hufundishwa kuvitaja viungo vya mwili, kutambua mguso wasioupenda, na kukataa hata kama anayewagusa ni mtu mzima. Mambo ya balehe, kinga na ridhaa hufuata kadiri wanavyokua. Wasichana wanaozaa huku ni wachache mno, ilhali kwetu Tanzania utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kuzaa au kupata ujauzito. Sidai kwamba ni masomo peke yake yaliyoleta tofauti hiyo, maana msichana wa huku hatembei mwendo mrefu kwenda shule ya kata, huku mwenye bodaboda akimvizia kwa lifti na pesa ya chipsi.

Wala si kweli kwamba wazee wetu walinyamaza. Pwani kuna unyago, na ng'ambo ya ziwa, kwa Waganda, ssenga, yaani shangazi, ndiye anayemfunda binti. Ninayaheshimu mafunzo hayo, ingawa mengi humwandaa msichana kuwa mke, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anahitaji kujilinda miaka mingi kabla ya kuolewa.

Tena mfano mzito zaidi kwamba masomo ya darasani peke yake hayatoshi umetoka Mwanza kwetu. Mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, uliwafundisha wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba vijijini. Ujuzi wao uliongezeka, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua kwa kiasi cha kuonekana. Mimi naona sababu mojawapo ni kwamba mtoto akitoka darasani hurudi nyumbani ambako mzazi hasemi neno, na mtaani ambako mwanamume mzima humtongoza bila kukemewa na yeyote.

Kwa hiyo nakuomba umwache ahudhurie vipindi hivyo, na Jumapili umpe simu tuzungumze, wifi akiwapo akipenda. Kaka yake zungumza naye wewe mwenyewe, kwa sababu kwetu hakuna aliyepewa kazi ya kumwambia mvulana kwamba msichana akikataa, amekataa.

Ni mimi mdogo wako.